Maswali ya wasomaji: asumini zisizochanua, majani ya manjano na vikuba

Mwasumini wangu umepanda hadi juu ya ukuta, majani yamenawiri, lakini maua ni ya kuhesabu. Unakosa nini? (Tanga)

Unakosa mkasi. Asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo tawi la zamani ukiliacha lirefuke, litakupa majani na kivuli tu. Kila wimbi la maua likimalizika, punguza matawi hata theluthi moja ya urefu wake, na yaliyokauka yatoe kabisa. Vichipukizi vipya vikifikisha jozi tatu au nne za majani, dokoa ncha zake ili vitoe matawi ya pembeni, kwani vishada vya maua hutoka kwenye ncha za matawi hayo. Wengi wanauonea huruma mti unaopendeza, na huruma hiyo ndiyo inayowanyima maua.

Angalia pia jua. Chini ya saa sita za jua kwa siku, usitarajie mengi. Na kama unatia mbolea ya uria, acha: inalisha majani. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri inatosha.

Majani machanga yamegeuka manjano, ila mishipa yake imebaki kijani. Nimeongeza maji na majivu, hali imezidi. (Unguja)

Swali hili nalipenda, kwa sababu linawahusu wengi wetu wa pwani. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe imejaa chokaa. Madini ya chuma, ambayo mmea unayahitaji ili majani yawe kijani, yamo udongoni, lakini chokaa inayafunga, mizizi haiwezi kuyafyonza. Dalili yake ndiyo hiyo uliyoieleza, na huanzia kwenye majani machanga. Yangeanza majani ya chini, yaliyokomaa, ningeshuku upungufu wa naitrojeni au mizizi inayokaa majini.

Majivu yanaongeza tatizo lile lile, yaache leo. Kagua kama mti uko karibu na ukuta uliopakwa chokaa au umepandwa juu ya kifusi cha ujenzi. Kama uko hapo, uhamishie kwenye chungu kikubwa chenye matundu chini, ukijaze udongo mwekundu uliochanganywa na mboji. Kwenye duka la pembejeo omba mbolea ya chuma ya aina iitwayo EDDHA, kwa sababu aina nyingine nyingi hazifanyi kazi vizuri penye chokaa nyingi, kisha fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya kisima pwani mara nyingi yana chokaa au chumvi. Mvua ikinyesha, kinga ya kumwagilia. Utajua mti umepona kwa majani mapya yatakayotoka, usiyapime yale ya zamani.

Maua ya kutunga kikuba (kishada cha maua ya harufu cha kuvaa) yachumwe saa ngapi? Yangu yanasinyaa kabla shughuli haijaanza. (Mombasa)

Chuma tumba, usingoje ua. Alasiri tafuta tumba zilizovimba na kuwa nyeupe kabisa. Zenye ukijani ziache, hazitafunguka. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uzitunge karibu na magharibi pamoja na mrehani na mawaridi. Zitafunguka usiku zikiwa zimeshavaliwa, na harufu itatoka wakati inapotakiwa. Ua lililofunguka jana usiku limeshatoa harufu yake nyingi.

Nitapata wapi mbegu?

Usizitafute, mwasumini huu wetu ni nadra kuzaa mbegu. Omba kwa jirani kijiti cha urefu wa sentimita 10 hadi 15, kisiwe kichanga sana wala kigumu sana. Kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, na usiache pakauke. Msimu wa masika ndio mzuri zaidi.

Naishi London. Mwasumini unaweza kuishi huku?

Ndani ya nyumba, ndiyo. Uweke kwenye chungu, dirisha la kusini. Kiangazi utoe nje. Usiku ukikaribia nyuzi 10, urudishe ndani, upunguze maji na usitie mbolea hadi majira ya kuchipua. Baridi ya barafu inaua.

Tumba zinageuka zambarau na kuanguka, zina vitundu. (Kilifi)

Ni viwavi wanaotoboa tumba. Zichume zote zilizotobolewa, uziokote na zilizoanguka, uzichome moto. Ukiziacha chini ya mti, wadudu hugeuka nondo na kurudi kutaga. Rudia kila siku kwa wiki mbili au tatu. Sishauri dawa ya sumu kwenye ua ambalo mtu ataliweka kwenye nywele au kifuani.