Kurudi si Kurudishwa: kwa wadogo zangu mnaoanza dodoso la dubu

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za dodoso kutoka kwa vijana wetu waliofika hapa jimbo la Montana, Marekani, mwaka huu, wawili wa kutoka Tanzania na mmoja wa kutoka Kenya. Zote tatu zina swali lile lile, nikilitafsiri kutoka Kiingereza: "Je, unaunga mkono kurejeshwa kwa dubu wa grizli katika eneo la Bitterroot?" Grizli ni dubu mkubwa wa kahawia, na Bitterroot ni bonde na milima ya mpakani mwa Montana na Idaho. Nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Swali hilo nililiandika mimi, msimu wangu wa kwanza, karibu neno kwa neno. Nawapenda, na ndiyo maana naandika haya usiku huu badala ya kungoja kikao cha Jumatatu.

1. Ulizeni nani anamleta dubu

Kiswahili chenu kingewaokoa kama mngekifikiria kabla ya kuandika Kiingereza. Dubu anarudi. Dubu anarudishwa. Ndani ya kiambishi kile kidogo mna lori, mtego wa chuma, helikopta na ofisa aliyetumwa kutoka mbali. Neno la Kiingereza mnalolitumia kwenye dodoso linameza yote hayo, na mhojiwa hujaza mwenyewe pale palipo pengo.

Na hapa Bitterroot pengo hilo lina historia. Mwaka 2000 serikali ya shirikisho iliidhinisha mpango wa kuleta dubu 25 katika miaka mitano. Mwaka 2001 serikali mpya ikausimamisha. Kwa hiyo mzee wa Darby, mji mdogo wa bonde hili, akisikia "kurejeshwa" anasikia ugomvi ule. Wakati huohuo dubu wenyewe hawakungoja kibali. Mwaka 2007 mwindaji wa dubu weusi alimuua grizli mmoja upande wa Idaho, wa kwanza kuthibitishwa katika eneo hilo tangu miaka ya 1940. Oktoba 2018 jike mchanga alinaswa kwenye uwanja wa gofu karibu na Stevensville, akahamishiwa bonde la Blackfoot. Hayo ni mambo mawili tofauti, nami niliyaweka kwenye swali moja.

Sasa niwaeleze lililonipata, maana sijawahi kulieleza lote.

Ilikuwa Machi, msimu uliofuata baada ya dubu wa uwanja wa gofu. Nilibisha hodi kwa mama mmoja mfugaji, umri umepita sabini. Alinikaribisha jikoni. Pembeni mwa jiko kulikuwa na ndama aliyezaliwa alfajiri ile, bado ana unyevunyevu, amefunikwa taulo la buluu. Mama akakaa kwenye kigoda akimsugua mgongo huku akinijibu. Nilipofika kwenye lile swali akasema, "Hapana." Nikabonyeza "napinga kabisa" kwenye kishikwambi, nikaendelea.

Nilipokuwa nafunga begi, akaendelea kuongea. Vuli iliyopita, akasema, alikuta alama ya mguu kwenye tope la kijito nyuma ya malisho. Kucha zilikuwa zimechoma tope mbali mbele ya vidole, kwa hiyo alijua si dubu mweusi. Aliweka kofia yake kando ya alama ile apate kuukisia ukubwa. Halafu akaifukia kwa kiatu, na hakumwambia jirani yeyote, asije mtu na bunduki. Aliongea kama dakika kumi. Mimi nilisimama mlangoni nikiitikia kwa kichwa, kwa sababu nilikuwa na nyumba nne zimebaki na dodoso langu la maswali funge, yale ya kuchagua jibu, halikuwa na mahali pa kuandika kofia wala tope.

Miezi michache baadaye nilionyesha matokeo kwenye mkutano wa hadhara mjini Hamilton. Kwenye chati yangu mnara mwekundu wa wapingaji ulikuwa mrefu. Mama yule alikuwa amekaa safu ya tatu. Akasimama, akasema taratibu: "Mimi nimo kwenye huo wekundu. Uliniuliza kama nataka waniletee dubu, nikakataa. Yule anayekuja kwa miguu yake hukuniuliza." Kisha akaketi. Alama ya kwenye tope hakuitaja, na aliniangalia kwa namna ambayo nilijua kwamba ananikabidhi siri ile kwa mara ya pili.

Sikuwa na jibu. Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Kielelezo changu kilikuwa kimeshasambaa, na watu walikuwa wakikitumia kudai kwamba bonde zima halimtaki grizli kwa njia yoyote. Niliwapigia simu upya wahojiwa wote niliowapata, na wengi walitenganisha mambo hayo mawili bila kusita. Mama hakupokea. Nilikwenda hadi langoni kwake. Alikuja mpaka kwenye uzio, akasema ana ng'ombe wa kuhudumia, akarudi zake. Alikuwa amenipa jikoni kwake kitu ambacho hakumpa jirani yake, na mimi nikakigeuza kuwa rangi nyekundu. Jina lake nimelitoa kwenye orodha ya sampuli. Msilitafute.

2. Elezeni sheria kabla ya kuuliza

Grizli analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975, ukiacha wale wa Alaska. Dubu anayefika Bitterroot kwa miguu yake anakuja na ulinzi huo wote. Dubu wanaoletwa kama kundi la majaribio huwekewa kanuni zilizolegezwa, na mpango wa 2000 ungeweka hata kamati ya raia kusimamia. Maana yake, mfugaji anayesema "waacheni waje wenyewe" huenda anachagua njia inayombana mikono zaidi. Anastahili kujua hivyo kabla hujabonyeza jibu lake. Mwambie pia kwamba "wenyewe" ni polepole. Madume wachanga hutembea mbali sana, lakini jike kwa kawaida huweka makazi jirani na mama yake, na bila majike hakuna kizazi.

3. "Wapi" ni swali zima

Utafiti wa jimbo zima uliotolewa 2020 ulikuta asilimia 92 wanaona grizli ana haki ya kuwepo Montana. Mnaupenda mno huo mstari. Uwekeni, lakini ulizeni pia kuhusu milima ya juu, msitu wa karibu, na nyuma ya banda la kuku, kila mahali swali lake. Hapa kuku, ambao dubu huwavamia, ndio ugomvi wenyewe. Mtu mwenye uzio wa umeme na mtu asiye nao watakujibu kama wakazi wa nchi mbili.

4. Sampuli ya anwani haiwapati wote

Wasalish, kabila la wenyeji wa asili, waliishi bonde hili hadi 1891, walipoondolewa kwa nguvu na kupelekwa kaskazini kwenye eneo la Flathead lililotengwa kwa ajili ya wenyeji wa asili. Rasimu zote tatu zinachukua anwani za kaunti ya Ravalli, yaani ya bonde hili, peke yake na kuziita "maoni ya wenyeji". Nimesikitika sana kuona hivyo. Andikeni barua kwa ofisi za kabila, ombeni ruhusa kwa adabu, na mngoje jibu hata kama ratiba yenu itachelewa.

5. Madogo madogo

Msibishe hodi kwa wafugaji Machi, ng'ombe wanazaa. Muulizeni mhojiwa anamtofautisha vipi grizli na dubu mweusi kabla hajasimulia alichokiona. Dawa ya pilipili ya dubu ikae kiunoni, si kwenye begi.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunajaribu dodoso Darby. Nataka swali lile limegawanywa mara mbili, na chini ya kila swali funge mistari minne mitupu. Mhojiwa akiendelea kuongea mmeshafunga begi, lifungueni tena.