Mbwa anasikia harufu au ananusa?

SWALI: Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga mjini. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameandika: "Mbwa husikia harufu ya fisi kabla hajamwona kwa sababu ana hisia kali." Nilimkata alama kwa neno "husikia", nikamwandikia kwa wino mwekundu kwamba harufu hunuswa, sauti ndiyo husikiwa. Juzi babu yake, mvuvi wa Sahare, kanifuata hadi shuleni kuniuliza, kwa upole kabisa, Kiswahili changu nilijifunzia wapi. Nani kakosea?

JIBU: Mwalimu, wino wako umeangukia neno lisilo na kosa. Kusikia kwa Kiswahili si kazi ya masikio peke yake. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, na ukipita Ngamiani jioni unasikia harufu ya samaki kabla hujaliona karai. Sikio halimo kabisa humo. Wala si sisi tu: Wazulu na Washona nao, kitenzi cha kusikia sauti ndicho hichohicho cha kusikia harufu. Hii kanuni ya kila kiungo na kitenzi chake nadhani tumeiokota kwenye ule mchoro wa darasani wa jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi, kila kimoja na mshale wake.

Pima kwa masikio yako mwenyewe. Harufu ya karafuu inasikika hadi barabarani. Nani atasema "inanuseka"? Halafu mwenye mafua: ananusa, ananusa tena, na hasikii kitu. Sentensi hiyo ingekuwa upuuzi kama kunusa na kusikia harufu vingekuwa kitu kimoja. Kunusa ni kitendo, unakusudia, unavuta hewa. Kusikia ni kile kinachokujia, umekitaka usikitake. Ndivyo ilivyo kwa kutazama na kuona, au kusikiliza na kusikia. Ndiyo maana naweza kukuamuru "Nusa hii!" lakini siwezi kukuamuru usikie njaa. (Najua tunasema "Sikia, bwana!", ila hapo maana yake ni "nisikilize".)

Tofauti hii ni mali kwako wewe mwalimu wa sayansi kuliko kwangu mimi. Chukua panya buku wanaofunzwa pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kutambua mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza la tiba ya wanyama likamvisha medali ya dhahabu. Panya wa kifua kikuu hupitishwa juu ya sampuli za makohozi zilizopangwa safu. Zote hunusa. Lakini akifika kwenye yenye vijidudu, pua yake hutulia juu ya tundu kwa takriban sekunde 3. Hapo kasikia. Panya hana mdomo wa kutuambia alichosikia, kwa hiyo mtaalamu hutazama alichofanya, akakisia kilichomo ndani. Elimu nzima ya tabia za wanyama imejengwa juu ya pengo hilo baina ya kinachoonekana na kinachosikiwa ndani, na lugha yako ina vitenzi viwili tayari, kimoja kila upande. Mwanafunzi wako alichagua cha ndani, na ndicho alichokitaka, maana alikuwa akieleza mbwa anajuaje.

Msije mkaenda mbali sana na ruhusa hii, hata hivyo. Nimewahi kusoma kwamba popo wa Mapango ya Amboni "wanaona kwa masikio". Inapendeza kusikika, ila inapotosha. Popo ana macho na anaona. Gizani hutoa sauti, akasikiliza mwangwi unaorudi, akajua ukuta uko wapi. Sema tu hivyo: anajiongoza kwa mwangwi. Na papa je? Kwenye pua yake kuna vijitundu vilivyojaa ute, vinavyomwezesha kugundua umeme hafifu wa samaki aitwaye taa aliyejizika mchangani. Sisi hatuna mlango huo, basi na kitenzi cha nyumbani hatuna. Hapo natumia "kuhisi", neno la Kiarabu lisilofungamana na kiungo chochote.

Kwa kuwa umeligusa darasa, nakuongezea maneno matatu ambayo nayaona yakivurugwa kila siku. Tabia ni jumla ya mwenendo wote, wa kurithi na wa kujifunza. Ajabu ni kwamba kwenye Kiarabu, lilikotoka neno hili, linabeba maana ya maumbile. Silika ni ile ya kuzaliwa nayo tu. Kasa mchanga pale Ushongo, Pangani, akitoka mchangani huelekea maji bila mama wala mwalimu, akifuata upande wenye mwanga, na ndiyo sababu taa za ufukweni humpoteza. Mazoea ni kinyume chake: paka wa soko la samaki anayekuja mbio akisikia kisu kikiparua magamba hakuzaliwa na elimu ya visu. Mrusi Pavlov alilionyesha jambo hilohilo kwa mbwa waliodondosha mate kabla chakula hakijafika. Anayeandika "silika ya paka kupenda kisu" mkate alama, nitakuwa upande wako.

Sasa rudi kwenye daftari, maana kuna kosa umelipita. Hisi ni uwezo wa kupokea habari za nje, ule tulioukariri shule ya msingi kama milango ya fahamu. Wingi wake ni hisi hivyohivyo. Hisia ni yaliyomo moyoni: furaha, hofu, wivu. Mbwa mwenye hisia kali ni mbwa mwenye ghadhabu au mapenzi mengi, pengine wote wawili kwa siku moja, na hilo halimsaidii kumjua fisi gizani. Kijana alitaka kuandika "hisi kali". Alama uliyoikata kwenye "husikia" mrudishie, kisha uikate hapo. Babu akija tena, mwambie hesabu imebaki ileile.