Sikiliza pande zote mbili: kwa binti aliyerithi santuri

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Chake Chake, ambaye baada ya kuniamkia kwa adabu alinieleza kwamba babu yake, Mungu amrehemu, ameacha sanduku la santuri pamoja na gramafoni, na kwamba anataka kujua aanze na ipi na vipi mtu hujifunza kuutambua muziki mzuri. Swali hilo nililibeba mimi mwenyewe nikiwa na umri wa miaka 16, na sikupata wa kunijibu isipokuwa sahani moja ya santuri ambayo sikuitaka.

Mwaka 1975 nilichuma karafuu msimu mzima karibu na Wete, tukilipwa kwa pishi, na kila jioni nilimkabidhi mama fedha zangu azifunge katika pindo la kanga. Nia yangu ilikuwa moja tu, nayo ni sahani ya Black Star, kikundi cha taarab cha Tanga, yenye sauti ya Shakila, niliyoisikia harusini kwa jirani. Sahani hizo ndogo za mizunguko 45 kwa dakika hazikubeba zaidi ya dakika chache kila upande, kwa hivyo wimbo wa taarab ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza huku na ya pili kule, na katika harusi ile palikuwa na kijana aliyekaa kando ya gramafoni usiku kucha kwa kazi ya kuigeuza.

Mjomba wangu, aliyekuwa baharia wa jahazi, alinichukua hadi Tanga. Muuzaji alinipigia wimbo ule ule nilioutaka, nikalipa, naye akageuka nyuma akaniviringishia sahani katika gazeti. Mjomba alinikataza kuifungua chomboni kwa kuchelea maji ya chumvi, na nilipoifungua nyumbani mbele ya taa ya chemni nikaona karatasi ya katikati imeandikwa kwa Kiarabu. Chuoni, tuliposomeshwa Kurani, nilifundishwa kuzisoma herufi zile, lakini maana ya maneno sikuijua. Nauli ya kurudi Tanga sikuwa nayo na karafuu zilikuwa zimekwisha mitini. Nimesamehe makubwa kuliko hilo katika maisha yangu, lakini uso wa muuzaji yule haujanitoka. Kwa hivyo, mwanangu, ukinunua santuri usiipokee imefungwa: itoe, isome jina, iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo, ndipo ulipe.

Nilikuwa na sahani moja, basi niliipiga hiyo hiyo. Wiki za mwanzo niliisikia kama kelele za fidla na mwanamke anayelia. Baadaye nikaanza kungojea mahali pamoja, upande wa pili, ambapo fidla zote hunyamaza na kubaki chombo kimoja kinachomwaga sauti kama mchele unaoanguka katika sinia. Sikujua ni chombo gani, nami nilikuwa nikiirudisha sindano pale pale mpaka mjomba akanikemea kwamba naimaliza. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Unguja, nilisimama nje ya nyumba ya Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, nikakisikia chombo hicho kabla ya kukiona, na moyo wangu ukapiga: ni ganuni, chombo cha nyuzi nyingi, ile ambayo husimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda kujifunza Misri. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea kuitambua hata ikizungukwa na fidla kumi, na jambo hilo naliona fahari.

Ninyi vijana mna nyimbo elfu katika simu moja, na wimbo usipowapendeza mwanzoni mnauruka. Sikiliza pande zote mbili. Chukua sahani moja, ikae nawe mwezi mzima, na usiihukumu kabla hujaigeuza, kwa sababu katika taarab mwimbaji mara nyingi hulifikia jambo lake katika sehemu ya pili, na mwenye haraka hulikosa.

Kama sandukuni mna sahani nzito zinazovunjika kama vigae, hizo ni za mizunguko 78, za aina aliyoirekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928. Usizipige kwa sindano ya sahani za 45, kwani mifereji ya hizi za 78 ni mipana zaidi, na usizifute kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha lakiri yake. Zisimamishe wima mbali na jua, na kwa unyevu wetu wa Pemba kagua majalada yasishike ukungu.

Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, sahani zilizotengenezwa Nairobi ziliadimika kwetu, na ile ya Black Star niliyoilipia sijaipata hadi leo. Tazama sandukuni mwa babu yako. Ukiikuta, usiiuze wala usimwazime mtu; niandikie, nami nitakuja Chake na sindano mpya, tuketi tuisikilize sehemu ya kwanza, kisha nikuombe uniachie mimi niigeuze.