Hisa za betri mpya: maswali yenu

Naambiwa betri za elektroliti mango (kitu kinachopitisha chaji ndani ya betri kikiwa kigumu, si majimaji) ndizo zitakazotawala magari ya umeme. Ninunue hisa za QuantumScape? (Msomaji, Nairobi)

Anza na historia ya bei yake. Kampuni hiyo ya California, inayounda betri za aina hiyo, iliingia soko la hisa la New York Novemba 2020, na kabla ya mwaka kuisha hisa moja ilivuka dola 130, ilhali haikuwa imeuza hata betri moja. Mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya dola 10. Maabara haikufungwa, mwekezaji wake Volkswagen haikujitoa. Watu walikuwa wamelipia ahadi kwa bei ya mzigo uliokwisha fika.

Wazo lenyewe nalikubali kabisa. Badala ya elektroliti ya majimaji, ambayo hushika moto, wanaweka utando wa kauri, na badala ya grafiti, kaboni inayotunza lithiamu betri inapochajiwa, wanatumia lithiamu yenyewe, hivyo betri inabeba umeme mwingi kwa uzito mdogo. Kazi ni kutengeneza utando huo mwembamba, usio na ufa, kwa mamilioni. Hapo ndipo fedha huyeyuka, kampuni inatoa hisa mpya, na fungu lako linapungua bila wewe kuuza chochote. Fungua ripoti ya robo mwaka, chukua fedha taslimu zilizopo, gawanya kwa matumizi ya robo moja. Ukipata robo nne tu, subiri.

Kampuni yenye wanahisa wakubwa si ina usalama? (Arusha)

Northvolt, kampuni ya betri ya Sweden, ilikuwa na Volkswagen na benki ya Marekani ya Goldman Sachs. Kiwanda cha Skellefteå kikashindwa kuzalisha kwa kasi iliyoahidiwa, BMW ikafuta oda ya euro bilioni 2 mwaka 2024, na Machi 2025 kampuni ikafilisika.

Nina ada ya mtoto ya Januari, nataka kuizungusha huko kwanza. (Dodoma)

Hapana, ndugu yangu. Ada isiguswe.

Betri za sodiamu zitaua kobalti yetu, madini ya betri za lithiamu? (Lubumbashi)

Pigo la kwanza limeshafika, na halikutoka kwenye sodiamu. Betri za lithiamu, chuma na fosfati, zinazotumika kwenye magari mengi ya China, hazina kobalti wala nikeli. Sodiamu, ambayo CATL, kampuni ya betri ya China, inaisukuma sasa, ni nzito zaidi kwa umeme uleule, kwa hiyo naiona ikianzia kwenye magari madogo na maghala ya umeme. Mwenye hisa za migodi afuatilie watengenezaji wa magari wanaagiza betri za aina gani.