Kwa mnaoanza kazi kwenye nyumba za kale Uingereza: sementi iacheni kwanza

Wadogo zangu mnaokuja huku kufanya kazi za ujenzi, iko siku utapelekwa kwenye nyumba ya mjini ya enzi za wafalme kina George, zile za mwisho mwisho, miaka ya 1780 mpaka 1830 hivi, nyembamba, imebanana na majirani kulia na kushoto. Nyingi zinalindwa na sheria, ukibadilisha sura yake ndani au nje bila kibali ni kosa la jinai kabisa, na fundi aliyeshika nyundo naye anahusika.

Kabla hujashika patasi simama barabarani uiangalie. Madirisha yatakuambia nani alikaa wapi, ghorofa ya kwanza ni marefu kuliko yote, huko ndo wenyewe walipokea wageni, ukipanda yanapungua mpaka juu kabisa kwenye vyumba vya watumishi. Jiko liko chini ya usawa wa barabara. Kama uko London nenda Bedford Square, ilijengwa 1775 mpaka 1783, yote haya utayaona.

Sasa chokaa. Tofali zile ni laini na zimeungwa kwa chokaa, mvua ikinyesha ukuta unanyonya maji halafu unayatoa taratibu kupitia kwenye maungio. Mwaka wangu wa kwanza msimamizi alinipa sementi nizibe maungio yaliyokwisha, nikaziba nikanyoosha vizuri nikafurahi, baridi ya pili kupita maji yamekosa pa kutokea yameganda ndani ya tofali, nyuso za tofali zikaanza kubanduka kama maganda ya muhogo na sementi imebaki pale pale imesimama. Iliniuma sana, maana mimi nimekulia Unguja, Mji Mkongwe wote ni mawe na chokaa, na mjomba alikuwa anagombana na watu kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Dirisha nalo usikimbilie kulitupa. Lile la kupandisha na kushusha lina kamba inayopita kwenye roda, na mwisho wake kuna uzito wa chuma umejificha ndani ya fremu. Likikwama mara nyingi ni rangi tu imegandana, likianguka ni kamba imekatika. Pembeni kwa chini kuna kijipande cha mbao kinachochomoka, kitoe polepole utauona uzito, funga kamba mpya basi. Na ukiona kioo kina mawimbi, mti wa nje unaonekana kama unacheza, jua ni kioo cha zamani cha kupulizwa kwa mdomo, kifunike kwa blanketi kabla hujagusa fremu.