Kompyuta Yako na Hewa ya Chumvi: Ushauri kwa Sisi Tunaoishi Tanga

Watu wengi wanaoniletea kompyuta mpakato hapa Ngamiani huanza kwa kuniambia kwamba mashine imezeeka. Huwa sikubali upesi, kwa sababu nazipenda mashine hizi na nimeona nyingi zenye umri wa miaka kumi zikichapa kazi bila tatizo kule milimani Lushoto, ilhali wenzao wa umri huohuo huku pwani wameshatupwa. Baada ya kufungua nyingi na kuzitazama kwa karibu, nimefikia maoni ambayo nayasimamia: adui wa kwanza wa kompyuta mjini kwetu ni chumvi inayosafiri na upepo wa bahari, na anayeijua tabia ya chumvi hiyo anaweza kuitunza mashine yake kwa miaka mingi kwa gharama ndogo sana.

Pwani yetu inatazama mashariki. Kusi likivuma hutoka baharini, na kaskazi nalo likivuma hutoka baharini, kwa hiyo hakuna msimu ambao tunapumzika. Upepo hubeba matone madogo ya maji ya bahari, maji yanakauka njiani, na chumvi inayobaki hutua juu ya kila kitu, pamoja na bodi iliyomo ndani ya kompyuta, yaani kile kibao chenye vifaa vidogo na njia za umeme za shaba, kwa kuwa feni huvuta hewa ya chumbani ili kupoza mashine. Chumvi kavu peke yake haina madhara makubwa. Lakini unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka inayeyuka yenyewe, na wakati wa masika hapa Tanga kiwango hicho huvukwa usiku hadi usiku. Hapo ndipo bodi inapofunikwa na utando mwembamba wa maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme vizuri. Mkondo mdogo wa umeme huanza kupita mahali pasipo njia yake, nao huila shaba kidogo kidogo. Kompyuta iliyozimwa nayo haijasalimika, maana betri imo ndani na baadhi ya njia za bodi hubaki na umeme saa zote.

Dada mmoja anayechapa barua na kutoa nakala karibu na bahari aliniletea mashine yake akasema, “Kaka, imekataa kuwaka tu. Haijaanguka wala haijamwagikiwa na kitu.” Alikuwa anasema kweli. Nilipotoa kifuniko cha chini, skrubu za upande wa feni zilikuwa na kutu ya kahawia, na zile za upande wa pili zilikuwa bado zinang’aa. Kando ya soketi ya chaja palikuwa na ukoko wa rangi ya kijani, mgumu, uliounganisha miguu miwili ya kifaa kidogo kuliko punje ya ufuta. Niliichomoa betri, nikausugua ukoko ule taratibu kwa mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti safi, nikaiacha bodi ikauke kabisa, na mashine ikawaka. Si kila mara inakuwa hivyo, kwani shaba ikishakatika inabidi kuunganisha upya kwa waya mwembamba kuliko unywele, na mara nyingine njia iliyokatika imo katikati ya tabaka za bodi ambako mkono haufiki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuhusu mahali. Usiiweke kompyuta kwenye dirisha linaloelekea baharini, hata kama hapo ndipo penye upepo mzuri wa kukupoza wewe. Ihamishie ukuta wa ndani. Ukimaliza kazi na mashine ikishapoa, ifunike kwa kanga safi. Usiifunike ingali inawaka, kwa sababu joto litakosa pa kutokea. Zaidi ya yote, itumie. Mashine inayowashwa kila siku hujikausha kwa joto lake yenyewe, na zile ambazo nimezikuta zimeoza vibaya zaidi ni zile zilizofungiwa kabatini kwa heshima, zikingoja mtoto arudi kutoka chuoni. Ukilazimika kuihifadhi muda mrefu, iache betri ikiwa na chaji ya karibu nusu, itie kwenye mfuko unaoziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na itoe mara kwa mara uiwashe.

Ikitokea kompyuta au simu imeingia maji ya bahari, kama inavyotokea kwa wanaovuka na mashua, naomba sana uniamini katika hili: usiitumbukize kwenye mchele. Mchele hauondoi chumvi, na unga wake huingia kwenye matundu. Kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake mwaka 2024 wasifanye hivyo na simu zao. Kukausha peke yake hakutoshi, kwa kuwa maji yakiondoka chumvi inabaki palepale ikingoja unyevu wa usiku. Zima mara moja, usiichaji, na umpelekee fundi siku hiyohiyo, ili atoe betri na kuisuuza bodi kwa maji yaliyokenekwa, yaani maji yasiyo na chumvi yoyote, kisha kwa spiriti. Watu hushangaa wakisikia kwamba bodi huoshwa kwa maji, lakini bodi isiyo na umeme haidhuriki kwa maji safi yakikaushwa vizuri.

Joto nalo lina sehemu yake. Vumbi lililochanganyika na chumvi hugandia kwenye mapezi ya kupozea, yaani vile vibati vyembamba vinavyotoa joto, na likishaziba, feni itanguruma siku nzima bila kupoza chochote. Safisha kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza, maana huo ndio wakati wa joto kali. Betri za lithiamu-ioni, zile zinazochajiwa ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991, huchakaa haraka zikikaa na chaji kamili katika joto, kwa hiyo kama kompyuta yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Ukiona sehemu ya kugusia chini ya kibodi imeinuka, betri imevimba: acha kuitumia na usijaribu kuitoboa.

Kuhusu umeme nitasema machache. Umeme ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuichomeka tena.

Wanaotaka kununua mashine ya mtumba wana nafasi nzuri wakati huu. Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kuwa Windows 11 inadai vifaa vipya zaidi, mashine nyingi nzuri zimeachwa na wenyewe na zinauzwa kwa bei ya chini. Mashine hizo zinaweza kuwekewa Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na ambao haulipiwi. Nimeuweka kwenye kompyuta za wanafunzi zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, na wanaandika kazi zao, wanaingia kwenye intaneti na kutazama masomo ya video bila kusumbuka.

Ila kabla hujatoa pesa, uliza mashine ilikuwa inakaa wapi. Mulika tochi ya simu ndani ya soketi za USB. Ukiona rangi ya kijani kwenye vile vibati vya ndani, chumvi imeshaingia. Tazama skrubu za chini. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Izime, ichomoe chaja na betri kubwa kama inatoka, kisha zirudishe, iwashe tena uangalie tarehe: ikirudi nyuma miaka kadhaa, ile betri ndogo ya saa, ambayo kwenye mashine nyingi ni CR2032 ya volti 3, imekwisha. Hilo si kosa la kukukimbiza, kwa sababu betri hiyo ni rahisi kuipata na rahisi kuibadilisha, lakini tarehe isiporekebishwa tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Mwisho, mwombe muuzaji kwa adabu akuruhusu kufungua kifuniko cha chini mbele yake. Akikataa, mshukuru uende duka la pili.