Mtoto Anafikicha Macho Mwaka Mzima: Je, Atayazoea Matone ya Mzio?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 9 na tunaishi Dodoma. Tangu akiwa na miaka 5 hufikicha macho usiku na mchana, hasa upepo wa vumbi unapovuma, na weupe wa macho yake sasa umeingia rangi ya kahawia. Mwalimu aliwahi kumrudisha nyumbani akidhani ana macho mekundu ya kuambukiza. Kuna dawa ya matone ambayo nimekuwa nikiinunua kila hali inaporudi, nayo humtuliza ndani ya siku mbili. Mwezi uliopita mfamasia mmoja alikataa kuniuzia dawa hiyo, akanipa matone ya mzio na kuniambia yatumike kila siku. Naona hayana nguvu kama yale ya kwanza, tena naogopa mtoto atayazoea. Nifanye nini?
Mama wa mtoto, Dodoma

JIBU: Pole, mama, na mpe mtoto pole yangu, kwa kuwa muwasho wa miaka minne si jambo dogo kwa mtoto anayetakiwa kusoma ubaoni. Mfamasia huyo alikutendea wema mkubwa.

Kwa maelezo yako, mwanao ana mzio wa macho wa muda mrefu, ule unaowapata zaidi wavulana, ambao kwa kawaida huanza kabla ya miaka 10 na mara nyingi hupoa wenyewe mtoto anapovuka umri wa kubalehe. Hauambukizi. Mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa mwaka 2024 ulitokana na virusi, na ugonjwa wa namna hiyo humshika mtu ghafla ukaisha baada ya wiki chache. Muwasho unaorudi kwa miaka ni jambo jingine, na mwalimu aelezwe hivyo.

Chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope kuna seli zilizojaa kemikali iitwayo histamini. Vumbi au chavua ikimgusa mtu mwenye mzio, seli hizo humwaga histamini, nayo ndiyo inayoleta muwasho, wekundu na machozi. Matone kama ya olopatadini au ketotifeni hufanya kazi mbili: hukalia mahali ambapo histamini ingeshika, na pia huzizuia seli zisiendelee kuimwaga. Kazi ya kwanza huonekana ndani ya dakika chache, lakini ya pili hujengeka polepole, na ndiyo sababu uliambiwa yatumike kila siku hata asubuhi ambayo mtoto hawashwi. Dawa hizi mbili huruhusiwa kwa watoto kuanzia miaka 3, kwa kawaida tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Hazimfanyi mtoto kuwa mtumwa wa dawa. Akiziacha muwasho ukarudi, ni kwa sababu vumbi bado lipo na mzio bado upo.

Kinachonitia wasiwasi ni ile chupa ya kwanza. Dawa inayozima muwasho mkali kwa siku mbili mara nyingi huwa na steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na mzio, kama vile deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, ambayo aghalabu huchanganywa na dawa ya kuua bakteria. Steroidi ina mahali pake, na huenda daktari wa macho akamwandikia mwanao kwa siku chache, lakini ikitumika miezi na miaka bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho haiumi. Huua mshipa wa kuonea kimyakimya, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Unapomtia matone, nawa mikono, mlaze chali, vuta kope ya chini iwe kama kijifuko, kisha dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa kope. Afumbe macho taratibu bila kupepesa, nawe bonyeza kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja. Tone la pili ni hasara, kwa kuwa kijifuko hicho hakitoshi hata tone moja zima na linalozidi huishia shavuni. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, maana nyingi hutupwa baada ya wiki 4.

Kufikicha nako kunachochea, kwa sababu huzikamua seli zilezile, na kukiendelea kwa miaka huweza kukifanya kioo cha mbele cha jicho kiwe chembamba na kuchomoza. Muwasho ukimzidi, mwekee juu ya macho yaliyofumbwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, kwa dakika 5 hadi 10. Maziwa ya mama, chai na maji ya majani visitiwe machoni kabisa.

Wiki hii mpeleke kliniki ya macho akapimwe presha ya jicho, na usingoje hata siku moja iwapo anaumwa jicho, anaukimbia mwanga, haoni vizuri au ana doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Chupa ile ya zamani usiitupe, hata kama imekwisha; nenda nayo, ili daktari alisome jina la dawa yeye mwenyewe, nawe umweleze umeinunua mara ngapi tangu ulipoanza.